Usingizi wa Mchana

Jioni ya tatu mfululizo Celine alilala kabla ya kula, na jioni hiyo Phelister akaacha kujidanganya kwamba ni uchovu.

Alikuwa amemtoa kituo cha kulelea watoto na kumbeba mgongoni ngazi zote za orofa nne, akamkalisha kwenye kochi na kumwekea ugali na omena. Mtoto wa miaka miwili na nusu, ambaye kwa kawaida hung'ang'ania mwiko kabla ugali haujaiva, aliitazama sahani kama ya mtu mwingine. Kichwa kikainama. Akalala ameshika tonge. Phelister alimtikisa, akamwita, akampangusa uso kwa maji baridi. Mtoto alifungua macho nusu, akayafumba tena. Alipomvua fulana ndipo aliponusa kwenye kola harufu tamu, ya tunda ambalo halioti popote, na chini ya kidevu akaona doa la rangi ya waridi lililokauka.

Mumewe, Ondiek, aliporudi kutoka mjengoni Ruai, viatu vimeganda simiti, alimwonyesha ile fulana. Ondiek aliinusa, akairudisha. Alisema ni juisi. Alisema watoto wanafanyishwa mazoezi ya nyimbo kutwa nzima kwa ajili ya sherehe ya kufunga mwaka, na hata yeye angeimbishwa hivyo angelala.

"Juisi haimlazi mtu," Phelister alisema.

"Basi uliza. Lakini uliza polepole, Mama Celine. Mahali pengine panapofunguliwa saa kumi na moja alfajiri hatupajui."

Hilo lilikuwa kweli. Phelister alipiga pasi mashuka ya mahoteli katika dobi moja kubwa Industrial Area, na shifti yake ilianza saa kumi na mbili kamili; aliyechelewa dakika kumi alirudishwa nyumbani. Kituo cha Ticha Kavinya kilikuwa vyumba vitatu vya chini katika fleti moja nyuma ya Spine Road, hapo hapo Kayole, na ticha alifungua mlango wake kabla ya muadhini, kitambaa kichwani, tochi mkononi, akiwapokea watoto kutoka migongoni mwa mama zao bila kuwaamsha. Mama aliyechelewa jioni hakuzomewa. Mama aliyekosa siku mbili tatu hakufungiwa nje. Watu walimpenda Ticha Kavinya, na Phelister alikuwa miongoni mwao.

Mwaka huo sherehe ingekuwa kubwa kuliko zote. Watoto kumi na wawili walikuwa wakihitimu kuingia chekechea, nao wangevaa majoho mekundu na kofia za pembe nne. Wageni wangekuja kutoka kanisa moja la upande wa pili wa mji, watu waliokuwa wameahidi kumsaidia ticha kujenga shule ya kweli, yenye uwanja. Tangu Oktoba, kila mchana, wakubwa walikuwa wakipangwa ukumbini kuimba. Wadogo, akina Celine, waliwekwa chumba cha nyuma.

Mwangalizi wa chumba hicho alikuwa msichana mpya, Batulo, aliyeajiriwa Septemba. Alikuwa mrefu, mwenye hijabu ya kijivu na maneno machache. Phelister hakuwa na neno naye mpaka alipoinusa ile fulana.

Siku ya Jumatano stima ilipotea dobi nzima na wafanyakazi wakaachiliwa saa sita na nusu. Phelister hakupitia nyumbani. Saa nane alikuwa mlangoni kwa Ticha Kavinya, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alisikia wakubwa wakiimba wimbo wa kumshukuru Mungu kwa mwaka unaoisha, mstari mmoja tena na tena, na Ticha Kavinya akiwapigia makofi. Alibisha kwa muda. Aliyemfungulia ni mtoto mmoja wa mazoezi, na Phelister akapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma.

Watoto kumi na mmoja walikuwa wamelazwa kwenye magodoro, bega kwa bega. Wimbo ulikuwa ukitikisa mabati ya dirisha na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa. Nzi alitembea juu ya mdomo wa mtoto mmoja, akaenda mpaka puani, na mtoto hakukunja uso. Katikati yao Batulo alikuwa amepiga magoti, amemwinua Celine kwenye mkono wake, kijiko kikiwa karibu na midomo ya mtoto. Alipomwona Phelister alishtuka. Mkono wenye kijiko ukaingia ndani ya nguo.

Phelister alimuuliza anampa nini mtoto wake.

"Maji, mama," Batulo alisema. "Nilikuwa nampa maji tu."

"Na kwa nini unakificha kijiko cha maji?"

Batulo aliangalia mlango, kule ilikokuwa ikitoka sauti ya Ticha Kavinya. Phelister alimchukua mtoto wake na kuondoka. Kichwa cha Celine kiligonga bega lake njia nzima kama kitu kilichofungwa vibaya.

Alimpeleka zahanati ya serikali, akasubiri kwenye benchi mpaka saa kumi. Tabibu aliyekuwa zamu, Mukhwana, alikuwa mtu mzima asiye na haraka. Alimwinua Celine kope, akamsikiliza kifua, akamvuta ngozi ya tumbo na kuitazama ikirudi taratibu. Alisema mtoto amepungukiwa maji. Kisha akauliza ni dawa gani anazotumia. Phelister akasema hakuna.

"Hana mafua?"

"Hana."

Mukhwana aliinusa fulana. Alieleza kwamba kuna dawa ya mafua ya maji ambayo humfanya mtoto asinzie, na kwamba amewahi kuletewa watoto walionyweshwa ili wasisumbue. Kijiko kimoja leo, kijiko kimoja kesho, halafu siku moja mtu anazidisha, na mtoto anasahau kupumua. Aliyasema hayo akiandika, bila kuinua macho. Alimwambia amtafute anayeitoa, aizuie, na mtoto akilala asiamke amlete mara moja, saa yoyote.

Kutoka hapo hadi nyumbani Phelister hakuona njia. Aliona kijiko kikiingia ndani ya nguo.

Stima haikurudi dobi mpaka wiki ikaisha, na Celine akabaki nyumbani na mamake. Jumapili alasiri Ticha Kavinya aliwaita wazazi kupanga sherehe. Walikuja akina mama kama ishirini na baba watatu, wakakaa kwenye viti vidogo vya watoto, magoti yakiwa kifuani. Walizungumza habari za hema, za pilau, za majoho yaliyokodiwa River Road. Yalipokwisha, ticha akauliza kama kuna mwenye neno, na Phelister akasimama.

Alikuwa amejiandaa kusema kwa upole, lakini kilichotoka kilikuwa kikali. Alisema mtoto wake analeweshwa dawa. Alitaja tabibu, doa na nzi. Halafu akamnyooshea Batulo kidole, aliyekuwa amesimama karibu na jiko akiwamiminia watu chai, akasema alimfumania kwa macho yake, na kijiko mkononi.

Chumba kikaanza kusema kwa pamoja. Mama mmoja alisema alikuwa na wasiwasi na huyu msichana tangu mwanzo. Mwingine akauliza katokea wapi, kama ana kitambulisho, na nani anamjua kwao. Batulo alikuwa mzaliwa wa Kayole kama watoto wao, lakini hakuna aliyemngoja ajibu. Phelister aliyasikia maneno hayo na moyoni akajua kwamba siyo aliyokusudia. Hakuyakanusha. Yalikuwa upande wake.

Ticha Kavinya akamwambia Batulo alete begi lake na alifungue mbele ya wazazi. Batulo alisita, akalileta. Akatoa kitana, leso, simu yenye kioo kilichopasuka, chapati iliyofungwa kwa gazeti. Chini kabisa kulikuwa na chupa ya dawa ya rangi ya waridi, imebaki robo.

Batulo alimtazama Ticha Kavinya, akaendelea kumtazama.

"Sema wewe, ticha," alisema.

Ticha Kavinya aliichukua chupa, akaifunga vizuri kifuniko chake. Alisema kwa sauti ya huzuni kwamba mtu unaweza kumwamini ukakosea, na kwamba msichana aende, asirudi. Batulo alirudisha vitu vyake begini kimoja kimoja. Alipita katikati ya vile viti vidogo, na akina mama wakavuta magoti wasiguswe na nguo yake.

Kwa siku nne Celine alikuwa yeye. Alikula, alidai hadithi, alimpiga baba yake kofi la mashavu na kucheka. Ondiek alikiri kwamba mkewe alikuwa na haki. Majirani walimsifu kwenye ngazi. Kezia, aliyekaa orofa ya tatu na kuuza chai na mandazi kwenye steji ya matatu tangu alfajiri, na ambaye mtoto wake wa mwaka mmoja, Gathoni, alilala chumba kile kile cha nyuma, hakumsifu. Alimsalimia tu na kupita.

Siku ya tano Celine alirudi amelala.

Siku ya sita vivyo hivyo, na safari hii usingizi ulikuwa mzito kuliko wa mwanzo. Ilimchukua Phelister zaidi ya saa moja kumwamsha anywe maji. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akihesabu pumzi za mwanawe, na wazo ambalo alikuwa amelifukuza tangu Jumapili likarudi. Batulo hayupo. Dawa ipo. Na yule msichana alipofungua begi hakuwatazama wazazi waliokuwa wakimtukana, alimtazama ticha.

Asubuhi, alipomkabidhi mtoto, alisema kwa sauti ya kawaida kwamba Celine analala sana tena. Ticha Kavinya alimpokea mtoto, akamlaza begani kwake na kumpapasa mgongo.

"Mtoto anakua, Mama Celine. Kulala ndiko kukua. Ama sasa unanishuku na mimi?"

Alitabasamu. Phelister naye akatabasamu, kwa sababu ilikuwa saa kumi na moja na robo, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Aliliona tabasamu lake mwenyewe kwenye kioo cha mlango, na likamfuata mpaka kazini.

Kesho yake, Jumapili, alimtafuta Batulo. Aliuliza kwa wauza nguo mpaka akaelekezwa kibanda cha vitambaa cha shangazi yake, Ladan, pembeni mwa soko. Batulo alikuwa amekaa ndani akikunja madera. Hakusimama. Phelister alibaki nje ya kibanda, jua la mchana kichwani, akaomba aelezwe ukweli.

Batulo alikunja madera mawili kabla ya kujibu. Kisha alieleza, bila kupandisha sauti. Wiki yake ya kwanza aliambiwa kila mdogo apewe kijiko baada ya uji. Alimuuliza ticha kwa nini, akajibiwa kwamba kazi ina wenyewe wanaoitaka. Akawa anawapa kidogo sana na kumwaga iliyobaki kwenye mtaro wa choo, na chupa ikipungua anaipeleka nyumbani kuijaza maji ya sukari, dawa iwe hafifu. Ile iliyokutwa begini ilikuwa njiani kwenda kujazwa. Wiki ile ya kijiko ticha aliwanywesha mwenyewe, na Jumatano akazidisha, kwa sababu wageni wa kanisa walikuwa wanakuja kuangalia mazoezi saa tisa, na Celine alikuwa hamezi hata mate. Ndipo akajaribu maji.

"Mbona hukusema?" Phelister aliuliza.

"Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa umeshamaliza kusema."

Phelister alisema anaomba msamaha. Alisema hakujua, mtoto wake ni huyo mmoja tu, uoga ulimzidi. Shangazi Ladan aligeuza uso akajifanya anapanga mizigo. Batulo aliweka dera chini.

"Uliniaibisha mbele ya watu zaidi ya ishirini, mama. Leo unaniomba msamaha mimi peke yangu. Nenda."

Wiki ya mwisho kabla ya sherehe Phelister alijisingizia mgonjwa, akakaa nyumbani na Celine, na dobi ikamkata siku zote sita. Alimweleza Ondiek yote. Ondiek alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ana uhakika gani, maana mara ya kwanza pia alikuwa na uhakika. Swali hilo lilimuuma kwa sababu lilikuwa la haki.

Alishuka orofa ya tatu kwa Kezia, akitaka mtu mmoja wa kumuunga mkono. Kezia alikuwa akiosha birika zake kubwa. Alimsikiliza akiwa ameinama, na alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

"Naijua," alisema. "Chupa anayotumia sasa niliinunua mimi. Ticha aliniambia Gathoni analia sana, nichague, dawa ama nimtafutie mahali pengine. Ningempeleka wapi? Steji?"

Kisha akamwambia kwamba si yeye peke yake. Akataja majina ya akina mama watano, wote waliokuwa wamekaa kwenye vile viti vidogo na kumtazama Batulo akitoa kitana na leso.

Phelister alipanda ngazi zake polepole. Alikuwa amezoea kumshuku mtu mmoja. Sasa hakujua amtazame nani usoni katika jengo zima.

Siku ya sherehe hema lilifungwa barabarani, la buluu na nyeupe, na spika mbili kubwa zikawekwa mlangoni mwa kituo. Wageni wa kanisa walikaa mbele kwenye viti vyenye vitambaa. Wahitimu kumi na wawili walitoka kwa mstari, kofia zikiwaangukia machoni, wakaimba vizuri, na mama zao wakainua simu. Phelister alikuja na Ondiek, Celine akiwa macho mapajani mwa baba yake. Ndani ya kituo, mlango ukiwa umerudishwa, ndimo walimokuwa wadogo wengine. Walikuwa wamepumzishwa, mshereheshaji alisema, ili wakubwa wapate nafasi yao.

Baada ya vyeti Ticha Kavinya alichukua kipaza sauti. Alikuwa amependeza, amevaa kitenge kipya. Aliwaambia wageni kwamba kituo chake hakina mzaha na usalama wa watoto. Kwamba mfanyakazi mbaya alipoingia, mzazi mwenye macho alimgundua na akafukuzwa siku hiyo hiyo. Akamwomba mzazi huyo atoe neno la shukrani kwa niaba ya wote. Akamnyooshea Phelister kipaza sauti, na macho yake yalikuwa yakisema kitu ambacho Phelister alikielewa: nafasi ya mtoto wako ipo Januari, ukiitaka.

Ondiek alimshika mkono. Kisha akauachia.

Phelister alisimama mbele ya watu.

"Mimi ni Mama Celine," alisema. "Nilimsingizia Batulo mbele yenu. Batulo hakuwa akiwalaza watoto, alikuwa akiimwaga dawa. Dawa ni ya ticha. Na wengine wetu tunajua. Hizi spika zimelia tangu saa nne, na kuna watoto kumi hapo ndani hakuna aliyelia. Nendeni mkawaamshe."

Mshereheshaji alimpokonya kipaza sauti, akacheka kidogo, akaagiza muziki. Muziki ukapigwa. Akina mama waliinamisha macho kwenye sahani za pilau. Kwa muda ambao Phelister aliuona mrefu kuliko mwaka wenyewe, hakuna mtu aliyeinuka, na alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, aibu ya mtu aliyesema kweli na akabaki amesimama.

Aliyeinuka kwanza ni Kezia. Alipita mbele ya wageni na aproni yake ya chai, akasukuma mlango, akaingia. Alitoka akikimbia, Gathoni mikononi, mikono ya mtoto ikining'inia. Hapo muziki ulizimwa bila kuagizwa, na viti vikaanza kuanguka.

Phelister aliingia ndani pamoja na wengine. Walibeba watoto, waliwapulizia usoni, waliwamwagia maji. Ticha Kavinya alikuwa amesimama kwenye kona ya chumba cha nyuma, kitenge chake kimelowa, akimsugua mtoto mmoja nyayo kwa nguvu. Aliongea bila kumwangalia.

"Watoto kumi na mmoja, mikono miwili. Nyinyi mnataka nini kwangu? Mnakuja gizani mnaondoka gizani. Hakuna aliyewahi kufa hapa."

Phelister alimchukua mtoto aliyekuwa karibu, wa nani hakujua, akaendelea kumwita "mtoto, mtoto" mpaka akafungua macho.

Mukhwana alimzuia Gathoni zahanati mpaka usiku, naye akapona. Wote walipona. Mmoja wa wageni alipiga ripoti, maofisa wa watoto wakaja Jumanne, wakaandika, wakapiga kufuli. Ticha Kavinya alilala seli usiku mmoja, akatolewa kwa dhamana. Januari vyumba vile vilifunguliwa tena kwa jina la mpwa wake, rangi mpya ukutani, na zaidi ya nusu ya watoto wakarudi. Gathoni hakurudi, alikaa steji kwenye kreti ya maziwa, nyuma ya jiko la mamake, amefungwa leso kiunoni asitambae barabarani.

Phelister aliacha dobi. Sasa alifulia watu nguo majumbani, fleti hadi fleti, Celine akimfuata na beseni dogo, na pesa zilikuwa pungufu na kucha zilikuwa zikimtoka kwa sabuni. Kwenye ngazi baadhi ya akina mama hawakumsalimia. Walisema kituo kilifungwa wiki tano kwa ajili yake, na wawili wamepoteza kazi. Hilo nalo lilikuwa kweli, na hakulibishia.

Siku moja kazi iliisha mapema, naye akapita pembeni mwa soko. Alikuwa ameapa kutomsumbua tena Batulo, lakini Celine aliuchomoa mkono wake. Mtoto alikimbia kati ya vitambaa vilivyotundikwa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye hijabu ya kijivu, akaikumbatia miguu iliyokuwa chini yake.

Batulo aliganda, mikono hewani. Phelister alisimama mbali, beseni kiunoni. Alitaka kumwambia kwamba alisema, mbele ya watu, na jina lake akalitaja. Lakini Kayole nzima ilikuwa imeshasikia, na Batulo alikuwa anaishi Kayole.

"Anakula?" Batulo aliuliza, akimtazama mtoto.

"Anakula sana siku hizi."

Batulo aliinama, akampakata Celine, akalamba kidole chake na kumpangusa uji uliokauka shavuni. Kwa Phelister hakugeuka. Alimkalisha mtoto juu ya rundo la madera, akampa kitambaa chakavu achezee, akaendelea kukunja. Phelister akatua beseni, akaokota dera lililokuwa limeanguka chini, akalikung'uta vumbi, na kuanza kulikunja alivyofundishwa dobi, kona kwa kona. Hakuna aliyemwambia aache.